Mfasiri wa Sinema wa Kataki na Dakika Saba Alizoziruka

Saa nane mchana, Jumapili. Nje, jua limeyakalia mabati ya mtaa wa Kataki, mjini Kalemie, upande wa Kongo wa Ziwa Tanganyika. Ndani ya ukumbi wa sinema wa Christophe kuna giza la mapazia mazito na joto la watu ishirini na wawili waliokaa kwenye mabenchi. Kwenye kona ya kushoto, chini ya televisheni, Papa Onésime amekalia kiti cha plastiki, kipaza sauti kimemgusa mdomo.

Kwenye kioo, mtu mwenye bastola anapanda ngazi.

"Anasema, leo njo utanijua mimi nani!" ananguruma Onésime kwa Kiswahili cha huku, ambacho "ndio" yake ni "njo".

Mwingine, aliyejificha nyuma ya kabati, anajibu. Onésime anabadili koo palepale, sauti inakuwa nyembamba, ya kuombaomba: "Kaka mukubwa, usiniue, niko na watoto." Watu wanacheka na kuyapiga mabenchi kwa viganja.

Halafu anatokea mwanamke. Amevaa gauni la kijani, anafungua mlango kwa kishindo na kumwaga maneno, mikono ikienda huku na huku. Kipaza sauti kinanyamaza.

"Papa Onésime, ule mama anasema nini?" anauliza mtu wa benchi la mbele.

"Hasemi kitu," anajibu. "Ngojeni, bwana yake anakuja."

Ndivyo mambo yanavyokwenda katika ukumbi huu tangu Agosti 2022. Wanaume wa sinema wanatukana, wanaapa, wanaomba msamaha. Wanawake wanafungua vinywa na hakuna kinachosikika. Mwanzoni Onésime alijaribu kuwasemea kwa sauti ya puani, lakini watu walicheka mahali pa kulia. Wiki ya tatu akaacha.

Sauti ya wanawake wote wa ukumbi huu ilikuwa ya mke wake, Clémence. Kwa zaidi ya miaka ishirini walikaa wawili kwenye kona ile, kipaza sauti kikienda kwake na kurudi. Leo Clémence yuko nyumbani, mwendo wa nusu saa kwa miguu, amelala upande wa kushoto, na hasemi.

Onésime ana miaka sitini na mitatu. Baba yake alikuwa fundi mwashi huko Kabimba, naye alisoma hadi mwaka wa pili wa sekondari, ada ikakatika. Anajua Kifaransa cha kutosha. Kiingereza anajua maneno ya kuhesabika kwa vidole. Kihindi, Kichina na Kiitaliano hajui kabisa, ingawa amefasiri mamia ya filamu za lugha hizo.

"Sikutafsiri hata siku moja," anasema bila aibu. "Nilikuwa natazama macho ya muntu, mikono yake, vile anafunga mulango. Halafu naweka maneno. Watu walikuwa wanafurahi. Nani angeniuliza?"

Aliyemuuliza alikuwa Clémence.

Ilikuwa mwaka 1990. Clémence alikuwa na miaka ishirini, akiuza mikate ya kukaanga mlangoni mwa ukumbi. Siku hiyo ilikuwa filamu ya mwanamke aliyegundua kwamba mchumba wake ana mwingine. Onésime, kwa ile sauti yake ya puani, akamsemesha: "Bila wewe nitakufa, mupenzi."

"Muongo!" ilitoka sauti mlangoni. "Mwanamuke mwenye hasira hasemi vile!"

Ukumbi mzima uligeuka. Onésime alisimamisha kaseti. Anasema alitaka kumwaibisha tu yule msichana, basi akainua kipaza sauti juu. "Kuja useme wewe."

Clémence akaweka ndoo ya mikate chini, akapita katikati ya magoti ya watu, akashika kipaza sauti. Picha ikaanza tena. "Toka," alisema. "Na yale mashati niliyokufulia, uyaache hapa." Watu walipiga kelele mpaka wapita njia wakachungulia. Mwaka uliofuata walifunga ndoa.

Mwaka 1992, padri mmoja wa Kiitaliano aliyekuwa anarudi kwao aliwaachia sanduku la kaseti. Nyingi zilikuwa za watakatifu. Moja ilikuwa filamu ya zamani, nyeusi na nyeupe, isiyo na maandishi yoyote chini. Jina lake kwenye karatasi lilikuwa limefutika. Watu wa Kataki wakaiita kwa jina la mwanamke wake, Ornella.

Mama Lucie, mchuuzi wa dagaa na jirani yao wa miaka mingi, anadai ameiona zaidi ya mara arobaini. Anaisimulia kama anavyosimulia mambo ya ukoo wake. Ornella anapiga pasi nguo za watu. Sandro anatengeneza saa. Wanapendana. Sandro anapata kazi nchi ya mbali, na Ornella hawezi kumfuata, kwa sababu mama yake ameugua, hatembei na hasemi. Sandro anakwenda kituoni kupanda treni. Ornella anamkimbilia. Treni inaondoka bila Sandro. Wanaoana. Mwishoni wamezeeka, wako jikoni asubuhi, wanatazamana, na filamu inaisha.

"Ile fasi ya kituoni!" anasema Mama Lucie, akifumba macho. "Clémence alikuwa anasema: Sandro, ukipanda hiyo treni, panda na roho yangu, maana hapa itabaki nguo tu. Na Papa Onésime anajibu maneno mpaka treni inapotea. Tulikuwa tunalia, sisi wote. Jumapili ya Ornella hata bibi za madokta wa hospitali walikuwa wanakuja."

Lakini kabla ya kituo cha treni kulikuwa na kipande kingine ambacho Mama Lucie hakukiona miaka yote hiyo. Kilikuwa cha dakika saba. Ndani yake hakuna aliyefungua mdomo. Mara ya kwanza Onésime alipoonyesha kaseti ile, watu walipiga miluzi, wengine wakadhani kipaza sauti kimeharibika. Tangu siku hiyo, kikifika kipande kile, alibonyeza kitufe na picha ikakimbia mpaka kituoni.

Clémence hakupenda. "Papa Falone, acha watu waone," alimwambia si mara moja, akimwita kwa jina la binti yao.

"Waone nini? Hakuna muntu anasema."

"Njo maana."

"Nilikuwa namujibu kwamba mteja hanunui kimya," anasema Onésime leo. "Nilikuwa najiona mujanja."

Mwaka 1998 vita vilipowasukuma kuvuka ziwa, Clémence aliifunga kaseti ya Ornella ndani ya kitenge pamoja na nguo za binti yao, Falone, aliyekuwa na miaka mitano. Kwenye kambi ya wakimbizi upande wa Kigoma hapakuwa na televisheni. Jumapili alasiri wawili hao walikaa mbele ya hema, wakaisimulia Ornella kwa mdomo, mwanzo mpaka mwisho, kila mmoja na sauti zake. Watu walikaa chini mpaka njia ikafungika. Kipande cha kimya hakikusimuliwa, kwani kulikuwa na nini cha kusimulia?

Walirudi Kalemie mwaka 2005, wakarudi kwenye kona yao. Simu zenye picha zilikuja, watu wakapungua, lakini Ornella ilionyeshwa kila mwaka.

Kisha ziwa likapanda. Mwaka 2021 maji yaliingia nyumbani kwao usiku na mchana, taratibu, bila dhoruba, mpaka ukuta wa udongo ukakaa chini kama mtu aliyechoka. Waliokoa godoro, sufuria na sanduku la nguo. Kaseti ilipatikana baada ya siku tisa. Onésime aliutoa utepe wake na kuuanika kwenye kamba ya nguo. Ulikauka ukiwa umejikunja, na mashine haikuukubali.

Walihamia chumba cha kupanga upande wa juu, na Mama Lucie akapanga mlango wa pili. Mwaka uliofuata, Jumatano moja asubuhi, Clémence alikuwa anaosha vyombo nje. Alimwita jirani apokee sahani yake. "Mama Lu," alisema, akaishia hapo. Mama Lucie alipogeuka, sahani ilikuwa chini na Clémence ameegemea ukuta, nusu ya uso imeshuka.

Mkono na mguu wa kulia havikurudi. Maneno hayakurudi pia, isipokuwa moja. "Ile." Akitaka maji ni ile. Akiumwa ni ile. Akimwona Falone kwenye simu anasema ile, ile, ile, machozi yakimtoka, na hakuna anayejua anachokusudia.

"Dokta alisema, maneno yasiporudi mwaka wa kwanza, tusingoje sana," anasema Onésime. "Huu ni mwaka wa ine tumeanza. Mimi singoji. Watu wanasema nikaze roho. Niikaze namna gani tena? Kila siku ni kugeuza muntu kitandani, na kesho ni kumugeuza tena."

Kila asubuhi anateka maji, anayachemsha kwa makaa, anamwosha, anambadilisha nguo, anamlisha uji kwa kijiko upande wa kushoto wa mdomo, kwani upande wa kulia unamwagika. Saa sita mchana Mama Lucie anakuja kukaa naye, Onésime anashuka Kataki. Kiingilio ni franka mia tano, nusu ya mwenye ukumbi. Vidonge vya presha vinakatwa vipande viwili ili vifike mwisho wa mwezi.

Juni mwaka huu, Falone, ambaye sasa ni muuguzi Lubumbashi, alituma kifurushi na msafiri. Ndani yake kulikuwa na nguo za kulalia za mama yake na flashi ndogo. Katika hospitali anakofanya kazi yuko mtawa mzee wa Kiitaliano. Falone alimsimulia Ornella siku moja wakikunja mashuka, na kabla hajafika kituoni, mtawa akaimalizia. Aliijua tangu utoto. Jina lake halisi lilipopatikana, filamu ikapatikana. Safari hii ilikuwa na maandishi ya Kifaransa chini.

Christophe aliwaazima kompyuta yake. Jumapili iliyofuata, baada ya misa, umeme wa bwawa la Bendera ukiwapo, Onésime alimketisha Clémence kwa mito miwili mgongoni, akaweka kompyuta juu ya kiti, akaketi kitandani kando yake. Clémence alipouona uso wa Ornella aliinua mkono wa kushoto, akauacha hewani.

Onésime alikuwa amejiandaa kufasiri kama zamani. Hata hivyo, macho yake yalishuka kwenye maandishi. Ornella anapokutana na Sandro dukani kwa mara ya kwanza, Clémence alikuwa akimsemesha: "Kijana, macho yako yamepoteza njia?" Maandishi yalisema: Shati hili lina mafuta. Sitaahidi kwamba yatatoka.

"Nilicheka," anasema Onésime. "Nikamwambia, Mama Falone, unajua huyu alikuwa anasema nini siku zote? Mafuta ku shati! Akacheka, ule upande wake unaocheka."

Waliendelea hivyo, yeye akisoma, akishangaa. Wapenzi aliowajaza maneno ya asali kwa miaka thelathini walikuwa watu wa maneno machache, tena ya kawaida. Umekula? Mvua imekushika? Bei ya makaa imepanda.

Kikafika kile kipande. Mkono wa Onésime ulikwenda wenyewe kwenye kitufe. Clémence akaupiga kwa mkono wake wa kushoto. Aliupiga kwa nguvu.

Basi, wakaangalia. Chumba kidogo, dirisha limefunikwa ukungu. Ornella amemlaza mama yake kichwa kikining'inia pembeni mwa kitanda, beseni liko chini, anamwosha nywele. Mlango unafunguka. Ni Sandro, amevaa koti la safari, sanduku mkononi. Amekuja kuaga. Ornella anamwona, lakini mikono yake imejaa povu na kichwa cha mama yake kiko ndani ya mikono hiyo, hawezi kukiachia. Sandro anasimama. Anasimama muda mrefu mpaka mtazamaji anataka kumsukuma. Kisha anaweka sanduku chini, anavua koti, anakunja mikono ya shati, anachukua jagi na kuanza kumimina maji. Mama mgonjwa anafumba macho. Maji yanatiririka. Mara moja Sandro anamimina vibaya, Ornella anamshika kifundo cha mkono na kukiinua kidogo, hivi. Basi.

"Hapo njo walioana," anasema Onésime. "Ku beseni, si ku treni. Kule kituoni alikwenda kurudisha tikiti tu. Ornella alimufuata amwambie nini? Niliisoma mara mbili. Anasema: Maji ya pili yanapoa. Na Sandro anasema: Nakuja. Njo yote. Na sisi tulikuwa tunapiga pale hotuba ya dakika ine."

Onésime anaendelea: "Miaka thelathini nilikuwa naonyesha filme nikikata roho yake. Bibi yangu alikuwa anajua. Hakusoma Kifaransa, hakujua Kiitaliano, lakini alikuwa anajua."

Kama yangeishia hapo, Onésime angeweza kusema siku ile ilikuwa nzuri. Lakini kulikuwa na jikoni, mwisho wa filamu. Sandro mzee ameketi mezani. Ornella mzee yuko kwenye jiko, amempa mgongo. Sandro anasema kitu, yeye anajibu bila kugeuka, halafu anageuka na wanatazamana. Hapo Onésime alikuwa akisema: "Ninakupenda kuliko jana." Na Clémence akijibu: "Na kesho utanipenda kuliko leo." Ukumbi ulikuwa ukisimama kupiga makofi.

Maandishi yalikuwa mistari miwili. Sandro: Siku nyingine natamani ningeondoka. Ornella: Najua. Kahawa iko tayari.

Onésime anasimulia kwamba hakuisoma mistari ile kwa sauti. Ili mtu aelewe kwa nini, anasema, lazima aseme jambo ambalo hajaliungama hata kwa padri.

"Asubuhi ileile, kabla ya misa, nilitoka kuteka maji. Nilirudi na ndoo ku kichwa, nikasimama ku mulango. Ndani namusikia: ile, ile. Nikafikiri, nikiweka ndoo hapa chini na nifuate barabara mpaka ku bandari, nani atanizuia? Bato ya kuvuka kwenda Kigoma ilikuwepo. Nilisimama, sijui dakika ngapi. Nilifikiri na kingine kibaya zaidi. Nilifikiri kama angelikufa ile Jumatano, ningelimulia vizuri, nikabaki na Clémence wangu. Halafu maji yakanimwagikia shingoni, nikaingia."

Saa chache baadaye alikuwa ameketi kando yake, akisoma mawazo yake mwenyewe yameandikwa kwa Kifaransa chini ya uso wa Sandro.

Clémence hakuweza kusoma. Alimtazama mumewe, akampigapiga gotini: sema. Alikuwa anangoja sehemu yao.

"Ninakupenda kuliko jana," alisema Onésime.

Sasa ilikuwa zamu ya Ornella kugeuka na kujibu. Ornella aligeuka. Clémence akafungua mdomo. Shingo ilijikaza, midomo ikahangaika kutafuta umbo lake, mate yakamtoka. "Ile," alisema. "Ile. Ile." Filamu ikaisha, kioo kikawa cheusi, naye bado anasukuma. Onésime alifunga kompyuta, akatoka nje, akasimama nyuma ya choo mpaka Mama Lucie alipokuja kuuliza kama kuna msiba.

Kesho yake, akimwosha, alimwambia ukweli. Alimwambia Sandro hakusema vile, alisema anatamani angeondoka. Akamwambia na ya bandarini. Kuhusu kifo alinyamaza.

Clémence alifanya nini?

"Alinitazama. Muda murefu. Sijui aliskia ao hakuskia, dokta anasema maneno mengine yanaingia na mengine hayaingii. Halafu akafungua kinywa. Alikuwa anataka uji."

Onésime hakuipumzisha filamu ile. Aliitazama peke yake mara tatu, nne, mchana, Clémence akisinzia. Anasema sasa anaona vitu ambavyo maneno yake yalivifunika: jinsi Sandro anavyozeeka bila kununua koti jingine, jinsi Ornella anavyoacha kupiga pasi mashati ya mumewe na kuanza tena baada ya miaka. Anasema ni filamu kubwa kuliko ile waliyoipenda. Anasema pia kwamba haimfariji hata kidogo.

Julai alimwomba Christophe aionyeshe, nzima, bila kuruka.

"Papa, watu watakimbia," Christophe alimwambia.

"Wakimbie."

Walipewa Jumapili moja. Mama Lucie na wanaume wawili walimleta Clémence juu ya kiti, wakamweka mbele. Watu kumi na tisa waliingia, wengi kwa sababu wazazi wao waliwasimulia Ornella. Onésime aliyasoma maandishi kama yalivyo, polepole, ya wanaume na ya wanawake, bila kubadili koo. Kwenye beseni alikiweka kipaza sauti sakafuni. Dakika ya pili ilikuja miluzi. "Pitisha!" "Papa, piles zimekufa?" aliuliza mmoja, akimaanisha betri za kipaza sauti. Dakika ya tano mabenchi ya nyuma yalianza kuondoka. Mpaka mwisho walibaki wanne, mmoja wao amelala. Clémence hakugeuza kichwa kuwatazama waliokuwa wanatoka.

"Zamani nilikuwa nalia ku maneno yao," anasema Mama Lucie. "Ile siku sikulia. Niliogopa. Nilikwenda nyumbani nikamutazama bwana yangu akila, nikajiuliza ananyamazia nini."

Christophe hana ugomvi na mfasiri wake. Anasema tu kwamba mwezi wa Desemba ukumbi utakuwa ghala la saruji. "Watu wanatembea na sinema ku mufuko wa suruali," anasema. "Papa Onésime anajua. Nilimwambia nikiwa na haya."

Onésime anajua. Hana kazi nyingine mkononi. Ukimuuliza kama anatamani kitu, anataja jambo ambalo amekuwa akilishughulikia tangu Agosti.

Hana sauti ya mke wake. Miaka thelathini na zaidi Clémence alisema mbele ya maelfu ya watu, na haikuhifadhiwa hata dakika moja. Maneno yao yalitoka kwenye kipaza sauti na kuishia kwenye kuta. Kwenye harusi ya Falone, mwaka 2016, Clémence alisimama akawahusia maharusi, mpiga picha akarekodi, lakini aliporudisha video alikuwa ameweka nyimbo juu ya hotuba zote. Unaona mdomo wa Clémence unakwenda, na unasikia gitaa.

"Nimeanza kusahau," anasema Onésime. "Nakumbuka maneno aliyosema. Sauti yenyewe inanitoka. Nikijaribu kuiskia, naiskia yangu ya puani."

Ameuliza kwa mafundi simu wa sokoni, kwa walioketi mabenchi ya mbele zamani, kwa kwaya ya parokia. Mwezi uliopita habari ilitoka Kabalo. Chérubin, fundi wa reli aliyehamia huko mwaka 2019, alikuwa na tabia ya kurekodi filamu za Jumapili kwenye simu ili azisikilize akiwa kazini. Simu ilikufa zamani. Kadi yake ya kumbukumbu, ndogo kama ukucha, ameiweka ndani ya kopo la vifungo.

"Papa, sikuifungua tangu nihame," Chérubin alimwambia kwa simu. "Sijui kama iko na kitu. Inaweza kuwa muziki tu."

Onésime hataki itumwe na msafiri. Atakwenda mwenyewe treni ya Kabalo itakapoondoka. Inasemwa wiki ijayo, ingawa ilisemwa hivyo pia wiki iliyopita. Mama Lucie amekubali kulala na Clémence siku nne. Mkoba umeshafungwa, shati moja na mkate.

Na kama sauti imo, atamwekea Clémence aisikie?

"Hapo njo sijui," anasema. Anatazama mikono yake, ngozi ya vidole imechubuka kwa sabuni. "Labda nitasikiliza mimi peke yangu, mbali na nyumba. Labda itamuua. Labda atafurahi. Sijui tena kitu gani kinamufurahisha."

Kutoka ndani ya chumba sauti inaita, ile, ile, naye anainuka kabla haijamaliza. Mlangoni anageuka.

"Hajui naenda kutafuta nini," anasema kwa sauti ya chini. "Kama kadi iko tupu, nitamwambia nilikwenda kununua mahindi. Kabalo mahindi ni ya bei rahisi. Ataamini."